Biskuti za Mala Bila Oveni

Kusini mwa Marekani watu wengi hufungua kinywa kwa biskuti. Si zile kavu za pakiti. Ni vimkate vya chumvi, laini ndani, vinavyochambuka tabaka kwa tabaka na kuliwa vikiwa moto. Hukandwa kwa maziwa yaliyochachuka, na hapo ndipo mwenyeji wa Ruiru au Thika amebarikiwa. Mala inafaa kabisa, na kiwanda cha Brookside kiko papo hapo Ruiru. Nunua isiyotiwa sukari wala ladha ya matunda. Uchachu wake ukikutana na magadi soda hutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoinua biskuti.

Pima unga wa ngano gramu 300, beking pauda vijiko viwili vya chai, magadi soda robo kijiko cha chai na chumvi nusu kijiko. Ukiwa na unga uliokwisha kutiwa beking pauda kiwandani, acha pauda na magadi. Mapishi mengi ya Marekani hutaka pauda zaidi, lakini Thika iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Huku hewa ni nyepesi, unga hufura haraka, na pauda ikizidi biskuti hupanda kisha zikabonyea.

Sasa mafuta: gramu 100 za siagi baridi, iliyokatwa vipande vidogo. Kimbo pia inafaa, maana hata Wamarekani hutumia mafuta meupe magumu. Ila siagi ina ladha nzuri zaidi. Kama huna friji, nunua siagi asubuhi na mapema, uitumie kabla jua halijapanda. Isugue ndani ya unga kwa ncha za vidole mpaka ubaki na punje kama kunde. Usiiyeyushe! Punje hizo zikipata moto huacha nafasi kati ya tabaka.

Mimina mala baridi mililita 200, ukoroge kwa mwiko hadi unga ushikane tu. Ukibaki mkavu, ongeza kijiko kimoja. Hapa ndipo wapishi hodari wa chapati huharibu, kwa kuwa mkono umezoea kukanda. Biskuti ikikandwa huwa ngumu. Bonyeza unga kwa kiganja, ukunje mara tatu au nne, kisha uusawazishe uwe na unene wa sentimita mbili na nusu. Kata vipande vya mraba kwa kisu kikali. Mdomo wa glasi hubana kingo, na kingo zilizobanwa hazipandi vizuri.

Mwenye oveni aitie moto hadi nyuzi 220, aoke kwa dakika 12 hadi 15. Asiye nayo achukue sufuria kubwa nzito, atandaze mchanga mkavu chini na kuipasha moto ikiwa imefunikwa kwa robo saa. Ndani yake aweke sufuria ndogo iliyopakwa mafuta, apange biskuti zikigusana, afunike kwa bati bapa na kulirundikia makaa juu. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, la sivyo zitaungua kitako huku uso ukibaki mweupe. Chungulia baada ya dakika 15.

Jiko la makaa liwe nje au penye upepo. Moshi wake usioonekana huua, hasa katika vyumba vya kupanga vyenye dirisha moja. Mwenye meko ya gesi pekee atumie kikaango kizito chenye kifuniko, moto mdogo kabisa, na akate biskuti nyembamba zaidi; ageuze upande wa chini ukiwa kahawia.

Zipasue kwa mkono, upake siagi na asali, au jemu ya nanasi la Thika, na chai ya maziwa pembeni. Pika zinazotosha watu waliopo mezani, kwa sababu biskuti hizi zikilala hukauka.