SOMO LA BIASHARA: Amua Kwanza, Mwisho wa Kisa Utaujua Baadaye

Wafanyabiashara wengi hujifunza kwa hasara. Hasara ni mwalimu mzuri, lakini karo yake ni kubwa. Vyuo vya biashara vinatumia njia ya bei nafuu zaidi, iitwayo kisa mafunzo, na mwekezaji mdogo anaweza kuitumia bila kwenda chuoni.

Kisa mafunzo ni maelezo ya jambo lililotokea kweli katika kampuni au soko, pamoja na tarehe, bei na hesabu zake. Maelezo hukatishwa pale mhusika anapotakiwa kuamua. Mwanafunzi husoma, hupiga hesabu, kisha huwaeleza wenzake angefanya nini na kwa nini. Mwalimu hahutubii, kazi yake ni kuuliza.

Njia hii ilitoka kwenye masomo ya sheria. Mwaka 1870 Christopher Columbus Langdell alianza kufundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kwa kuwasomesha wanafunzi hukumu za mahakama badala ya kuwakaririsha kanuni. Shule ya biashara ya chuo hicho ilifunguliwa mwaka 1908. Wallace Donham, aliyesomea sheria hapo hapo Harvard, alipokuwa mkuu wa shule hiyo mwaka 1919 aliihimiza njia hiyo, na mwaka 1921 kikaandikwa kisa chake cha kwanza, kuhusu kampuni ya viatu.

Tujaribu kisa cha karibu.

Ni Machi 2008. Serikali ya Kenya inauza hisa bilioni 10 za Safaricom, yaani robo ya kampuni, kwa Sh. 5 za Kenya kila moja. Foleni kwa madalali ni ndefu na benki zinakopesha wanunuzi. Tuweke hapo mwenye duka wa kubuni. Biashara yake inakwenda, ila hana akiba. Je, akope Sh. 100,000 aombe hisa 20,000?

Msomaji, simama hapo. Andika jibu lako kwanza.

Sasa hesabu. Tuseme riba ni asilimia 1.5 kwa mwezi, na mkopo utakaa miezi 2. Riba ni Sh. 3,000. Akipewa hisa zote 20,000, kila hisa inabeba senti 15 za riba. Bei ikifika Sh. 5.15 gharama imerudi, ukiacha ada ya dalali. Lakini waombaji wakiwa wengi, naye akapewa hisa 5,000 tu, fedha nyingine zikarudishwa mwishoni mwa miezi hiyo 2, riba ni ile ile Sh. 3,000. Kila hisa sasa inabeba senti 60, na bei lazima ifike Sh. 5.60. Yaani kadiri watu wanavyoigombea hisa, ndivyo mkopo wa kuinunua unavyozidi kuwa ghali. Wengi hudhani kinyume chake.

Kilichotokea ni hiki. Maombi yalizidi mara tano ya hisa zilizokuwapo, na wengi wakapewa sehemu ndogo tu. Tarehe 9 Juni 2008 hisa zilianza kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi, na siku hiyo bei ikapita Sh. 7. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imeshuka chini ya Sh. 5. Mwaka 2021 ilipita Sh. 40.

Basi hisa ni moja, matokeo ni mbalimbali. Aliyekopa akauza mapema alipata faida. Aliyekopa akangoja bei ipande zaidi alibaki na deni linalokua na hisa zinazoshuka. Aliyetumia akiba yake aliweza kungoja. Swali la kisa hiki, kwa hiyo, si kama kampuni ilikuwa nzuri. Ni fedha za nani zilitumika, na zingeweza kukaa muda gani.

Kwa kikundi cha akiba au wenzako sokoni, fuateni utaratibu huu:

1. Chagueni jambo moja lililokwisha tokea, lenye bei na tarehe za kuaminika.
2. Anayelijua alisimulie hadi siku ya uamuzi, asitaje mwisho.
3. Kila mmoja aandike uamuzi wake na hesabu zake kabla ya kusikia za wengine.
4. Mwisho ukitajwa, pimeni hoja, msipime bahati. Aliyepata faida bila hesabu hajafaulu somo.

Tahadhari moja: kisa kimoja si sheria. Safaricom kupanda baada ya kushuka hakumaanishi kwamba kila hisa iliyoanguka itainuka. Ndiyo sababu vyuo husomesha visa kwa mamia. Chukueni kimoja kila mwezi, na pia vya waliofilisika, maana hao hawana haraka ya kusimulia.