Dondoo muhimu: Kuweka propani kwenye freza

Soma kibandiko kwanza. R290 ni propani, R600a ni isobutani. Moja haichukui nafasi ya nyingine.

Amini mizani ya gramu kuliko geji. Freza nyingi za nyumbani hazizidi gramu 150, hivyo gramu 10 tu zinaharibu kazi. Asubuhi ya Julai Newala, juu uwandani, geji husoma chini kwa sababu ya baridi. Fundi anayeongeza gesi mpaka “isome vizuri” atakuwa ameijaza kupita kiasi, na freza hiyo ikishushwa Masasi mwezi wa Novemba, kompresa itateseka. Ukishaweka gesi kwa mizani, iache freza iende saa nzima, kisha angalia: bomba la kurudi kwenye kompresa likiota barafu, huenda gesi imezidi, koili ikipoa mwanzoni tu, gesi ni pungufu au kapilari imeziba.

Gesi ya kupikia haifai, hata mwenye freza akibembeleza. Ni mchanganyiko wa propani na butani uliotiwa harufu, na haikukaushwa kwa kazi hii.

Propani ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni. Fungua milango, zima jiko la mkaa, tafuta uvujaji kwa povu la sabuni. Usichomelee bomba lenye gesi.