Mwaka wangu una nyimbo tatu tu

Shangazi,

Mimi ni dada wa miaka 31. Tuko marafiki sita tuliosoma chuo pamoja, na kilichotukutanisha tangu mwanzo ni muziki. Kila mwisho wa mwaka tunakusanyika Dar nyumbani kwa mmoja wetu, kila mtu na orodha ya nyimbo kumi alizozipenda mwaka huo. Tunazipiga moja moja na kubishana mpaka usiku wa manane. Sijawahi kukosa.

Mwaka huu wa 2024, mwezi wa nne, mama yangu alipata kiharusi. Mtoto wa kike ni mimi peke yangu, nikaacha kazi nikarudi Morogoro kumuuguza. Upande wake wa kulia umelegea na maneno yamempotea. Anajua anachotaka kusema, lakini hakitoki. Siku moja nilikuwa namwogesha huku simu inapiga "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe, wimbo wa ujana wake. Mama akaanza kuimba. Maneno kabisa, Shangazi, yanaeleweka! Tangu hapo kwetu wimbo huo unapigwa asubuhi na jioni. Muhtasari wa mwaka nilioletewa na Spotify umeuweka wa kwanza, na wa pili ni "Sina Makosa" ya Les Wanyika.

Wimbo mpya nilioupenda kwa moyo ni mmoja tu, "Komasava" ya Diamond. Niliusikia kwa bodaboda wanaopaki nje ya nyumba yetu. Jioni moja niliucheza peke yangu jikoni mpaka jasho likanitoka, halafu nikasikia mama anagonga kitanda. Nikazima mara moja. Niliona aibu sana. Mtu ana mgonjwa ndani, anacheza?

Basi orodha yangu ndiyo hiyo, nyimbo tatu, na mbili zimenizidi umri. Wenzangu wameshaanza kutambiana. Mmoja ana msemo wake kwamba orodha ya mwaka haichukui marehemu. Nimefikiria ninakili zinazovuma nifikishe kumi, wala hawatajua. Lakini linaloniumiza zaidi ni jingine: naogopa yule mpenzi wa muziki niliyekuwa ameshakufa. Nisaidie.

Binti wa Morogoro

Poleni sana, mwanangu, wewe na mama. Kuuguza mzazi aliyepotewa na maneno ni kazi ya mchana na usiku, na wewe umeiingia ukiwa umeuacha na mshahara.

Nianze na lililo jepesi: usinakili. Orodha za nyimbo zinazovuma ziko kila mahali, na kumi za juu unaweza kuziandika kabla chai haijapoa. Lakini fikiria mtakapokuwa mmekaa. Wimbo unapigwa, mwenzio anakugeukia na kukuuliza huu ulikukamata ukiwa wapi. Utamjibu nini? Miaka yote hii mmekuwa mkibishana kwa raha kwa sababu kila mmoja alikuwa anatetea kitu alichokipenda kweli. Namba za mitandaoni zinapima jambo tofauti. Kwa Spotify wimbo ukipita sekunde 30 umeshahesabiwa, awe msikilizaji analia, anakaanga samaki au amesinzia. Hesabu hiyo ina kazi yake, na wasanii wanalipwa kwayo. Ila marafiki zako hawaji kusikia hesabu. Wanakuja kukusikia wewe.

Sasa hao marehemu. Rafiki yako ana hoja, nisimwonee. Utamu wa mchezo wenu ni kwamba unawalazimisha kutega sikio kwa vipya, na bila sharti hilo wengi wetu tungezeeka na nyimbo za tulipokuwa na miaka 17. Hata hivyo, siku wimbo unapotoka na siku unapomfikia mtu ni siku mbili, na muziki wa pop umelionyesha hilo waziwazi. "Jerusalema" ya Master KG na Nomcebo Zikode ilitoka Afrika Kusini mwishoni mwa 2019. Februari 2020 wachezaji wa Angola, Fenómenos do Semba, wakajirekodi wakiucheza na sahani za chakula mikononi, na mwaka 2020 ukawa mwaka wake dunia nzima. "Love Nwantiti" ya CKay wa Nigeria nayo ilitoka 2019, dunia ikaipokea 2021. Kate Bush wa Uingereza alitoa "Running Up That Hill" mwaka 1985. Mwaka 2022 ukapigwa kwenye tamthilia ya Stranger Things, na vijana waliozaliwa miaka mingi baadaye wakaupandisha hadi namba moja nchini kwake.

Hata hapa kwetu, mwaka huuhuu, Diamond ametoa "Mapoz" akiwa na Jay Melody na Mr Blue, wimbo uliojengwa juu ya "Mapozi" ya Mr Blue ya miaka ya 2000. Kama rafiki yako ameuweka kwenye kumi zake, basi naye amebeba kitu cha zamani kilichomfikia upya.

Na wako umekufikiaje! Mbaraka alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa. Mji ulimo wewe sasa ndio mji alikopigia gitaa na Morogoro Jazz kabla ya kuunda Super Volcano mwaka 1973. Zaidi ya miaka 45 baada ya kifo chake, sauti yake imeingia chumbani kwa mama yako na kumpa maneno ambayo hospitali haikuweza kumpa. Mimi sijui wimbo gani mwingine ungestahili zaidi kuitwa wimbo wako wa 2024. Uandike bila kuomba radhi. Juu ya karatasi andika tu kwamba hizi ni nyimbo zilizokufikia mwaka huu, na mbele ya kila mmoja andika mstari mmoja: ulikuwa wapi, ukifanya nini, ulipokushika.

Hapa nataka nikae kidogo kwenye habari ya mama kuimba, kwa sababu nadhani umeichukua kama muujiza mdogo wa nyumbani, kumbe ina maana kwa matibabu yake. Kwa watu wengi, kazi ya kuzungumza inafanywa zaidi na nusu ya kushoto ya ubongo, nusu hiyohiyo inayoendesha mkono na mguu wa kulia. Ndiyo maana kulegea kwa upande wa kulia na kupotewa na maneno mara nyingi huja pamoja. Kuimba wimbo uliouzoea tangu ujana huhusisha pia nusu ya kulia, ambayo huenda haikuguswa. Kwa hiyo yupo mgonjwa asiyeweza kuomba maji lakini anaimba ubeti mzima bila kukwama. Tangu miaka ya 1970 wataalamu wa tiba ya usemi wametengeneza njia inayopita humo. Mgonjwa anafundishwa kutamka sentensi fupi za kila siku kwa sauti ya kuimba, huku mkono wake wa kushoto ukigongagonga mdundo, kisha uimbaji unapunguzwa polepole mpaka ibaki sentensi ya kawaida. Haimfai kila mgonjwa, na wataalamu hao nchini kwetu ni wachache. Hata hivyo, mrekodi mama akiimba, na siku ya kliniki mwonyeshe daktari hiyo video. Usimsimulie tu, mwonyeshe. Muulize kama kuna mtaalamu wa usemi anayeweza kumwona.

Wakati unasubiri, jaribu jambo dogo. Mkimaliza kuimba, usizime na kuondoka. Chukua maneno anayoyahitaji kila siku, kama "nataka maji" au "nataka kulala", muyaimbe pamoja taratibu kwa sauti yoyote nyepesi, mkono wake wa kushoto ukiwa ndani ya wako. Mpe muda. Asipomalizia, usimmalizie haraka. Akichoka, acheni.

Nije kwenye aibu ya jikoni.

Mwanangu, nimeisoma sentensi ile mara mbili. Unasema mama aligonga kitanda, ukazima. Hukuniambia ulipomfikia alikuwa anataka nini. Je, una hakika alikuwa anakuita? Mtu anayeimba "Shida" asubuhi na jioni ana masikio mazima na ana mkono wa kushoto unaofanya kazi. Siku nyingine "Komasava" ikikushika, nenda nayo chumbani, simu mkononi, uuangalie ule mkono. Wimbo wenyewe umejaa salamu kwa lugha kadhaa, na mama mgonjwa hakatazwi kusalimiwa.

Hata kama alikuwa anaita kweli, bado sioni kosa. Rudi kwa "Jerusalema" niliyoitaja. Wakati wa korona, kati ya waliojirekodi wakiucheza katika nchi nyingi walikuwamo manesi na madaktari, kwenye korido na nje ya hospitali, wakiwa na sare zao. Watu hao walikuwa wanaona vifo kila siku. Walicheza, kisha wakarudi wodini. Wewe ni nesi usiye na zamu wala mwenzako wa kukupokea, na dakika tatu za kutoka jasho jikoni zilikuwa mapumziko yako.

Nitakutajia pia wimbo ninaouweka namba moja kwenye orodha yangu mimi. Ni "Anguka Nayo" ya Wadagliz, vijana wawili wa Kenya. Ulitengenezwa kwa ajili ya kucheza. Juni hii vijana wa nchi yao wakaingia nao barabarani kupinga Muswada wa Fedha. Tarehe 25 waandamanaji walifika mpaka ndani ya Bunge, na siku hiyo watu waliuawa kwa risasi. Kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hatausaini. Kila ninapousikia sasa mwili unataka kucheza na koo linakaza kwa pamoja. Zipo nyimbo za 2024 zilizopangwa vizuri kuliko huo, zenye sauti safi na video ya gharama. Mimi nimeuchagua kwa sababu ulikwenda mahali ambapo waliouimba hawakuutuma, na ukastahimili. Kwa hiyo kucheza na huzuni mwaka huu vimetembea barabara moja, mwanangu, wala si jikoni kwako tu.

Umeniambia unaogopa mpenzi wa muziki amekufa ndani yako. Hajafa. Amekosa masikio. Zamani, nadhani, ulikuwa unavaa spika za masikioni ndani ya daladala na kumaliza albamu nzima kati ya kazini na nyumbani. Anayeuguza hawezi kufanya hivyo. Sikio lake moja liko chumba cha pili siku nzima, linasubiri kikohozi au mgongo wa kugeuzwa. Linalobaki haliwezi kutafuta nyimbo, linapokea zile zinazopita dirishani. Na hata katika hali hiyo wimbo mmoja uliopita kwa bodaboda umekuinua kitini. Nina wasiwasi zaidi na mtu aliyesikiliza nyimbo elfu mwaka huu na hakuna uliomfanya asimame.

Siku ukipata mtu wa kukaa na mama kwa saa mbili, sikiliza "Tshwala Bam" ya TitoM na Yuppe kutoka Afrika Kusini, kwa ajili ya miguu, na "Hakuna Matata" ya Marioo. Sikupi ili uziongeze kwenye orodha. Zisikilize, na zisipokugusa ziache. Kwa mama nina pendekezo jingine, "Mauzauza" ya Zuchu ya mwaka 2020, alioimba na mama yake mzazi, Khadija Kopa. Mtu wa umri wa mama yako ana uwezekano mkubwa wa kuijua sauti ya Khadija tangu enzi zake za taarabu, na binti na mama kuimba wimbo mmoja ni jambo litakaloifaa nyumba yenu.

Limebaki la marafiki. Nimeona kwamba katika barua nzima hujasema kama wanajua hali ilivyo. Wanajua mama anaumwa, bila shaka. Lakini wanajua kwamba umeacha kazi? Kwamba hakuna anayekupokea usiku? Yule mwenye msemo wa marehemu aliusema akiwaza mchezo, na naamini angemeza ulimi angejua "Shida" inafanya kazi gani nyumbani kwenu. Waambie kabla ya siku ya kukutana, kwa simu na kwa sauti yako, ili wasije wakalijua mbele za watu. Na usiende Dar. Tangu Juni treni ya SGR inabeba abiria kati ya Dar na Morogoro kwa muda usiofika saa mbili, wanaweza kuja asubuhi wakarudi jioni. Mwaka huu kikao kiwe kwako, sebuleni, mlango wa chumba cha mama ukiwa wazi, na mama naye apewe zamu ya kuchagua kama wengine. Zitapigwa nyimbo zao kumi kumi na zako tatu.

Na chakula waje nacho wao. Wewe usipike, una mgonjwa.