Somo: Assunta Goretti, Mke wa Mkulima na Mama wa Mtakatifu

Wakristu wengi wanalijua jina la Mtakatifu Maria Goretti. Wachache wanalijua jina la mama yake. Lakini mti haumei pasipo udongo. Yafaa basi wakatekumeni, hasa wanawake wenye mashamba na watoto, waujue mwenendo wa mama huyu.

1. Kazi yake

Assunta alizaliwa katika nchi ya Italia mwaka 1866. Alikuwa yatima, wala hakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1886 aliolewa na Luigi Goretti, mkulima wa Corinaldo. Walizaa watoto saba, na wa kwanza alifariki angali mchanga. Kwa sababu ya umaskini walihama kwao, na mwaka 1899 wakafika Le Ferriere, kusini ya Roma. Huko walilima shamba la tajiri, na mavuno yaligawanywa kati yake na wakulima. Walikaa nyumba moja na mzee Serenelli na mwanawe Alessandro.

Nchi ile ilikuwa na vinamasi na mbu wengi. Mwaka 1900 Luigi alikufa kwa malaria, na Assunta akaachwa na watoto sita. Je, mjane huyu alikaa kulia tu? Hapana. Alishika kazi ya mumewe shambani, naye Maria, mtoto wa miaka 9, akashika kazi ya mama nyumbani: kupika, kuteka maji, kushona nguo na kulea wadogo wake.

2. Mafundisho yake

Je, mtu asiyejua kusoma aweza kufundisha dini? Ndiyo. Assunta aliwafundisha watoto sala kwa mdomo, jinsi alivyozishika yeye mwenyewe kwa moyo. Aliwafundisha pia kuichukia dhambi. Hakuwa na kitabu; maisha yake yalikuwa kitabu chao.

3. Msiba wake

Tarehe 5 Julai 1902 watu walikuwa wakipura maharagwe kwa ng'ombe. Alessandro, kijana wa miaka 20, alimwomba Assunta aongoze ng'ombe mahali pake, akaenda nyumbani. Kumbe, alikuwa na nia mbaya. Alitaka kumlazimisha Maria kutenda dhambi ya uchafu. Maria alikataa, akisema kwamba ni dhambi; naye akamchoma kisu mara 14. Kesho yake mtoto alikufa katika hospitali ya Nettuno, akiisha kumsamehe mwuaji wake. Alikuwa na miaka 11.

4. Msamaha wake

Alessandro alihukumiwa kifungo cha miaka 30. Alikaa gerezani miaka 27, na humo alitubu. Alipokwisha kufunguliwa, alikwenda Corinaldo, alikokuwa akikaa Assunta, akamwomba msamaha.

Fikirini moyo wa mama huyo. Mtu aliyesimama mlangoni ndiye aliyemwachia kamba za ng'ombe ili apate kumwua mtoto wake. Nani angemlaumu kama angefunga mlango? Lakini Assunta aliona kwamba, kama Maria alisamehe, na Mungu alisamehe, yeye hawezi kukataa. Akamsamehe. Siku ya Noeli wakapokea Komunyo pamoja.

Msamaha huo haukusema kwamba kosa ni dogo, wala haukuondoa hukumu: Alessandro alikuwa amelipa kwa kifungo. Bali uliondoa chuki. Alessandro alifanya kazi kwa Wakapuchini mpaka uzee, akafa mwaka 1970.

Tarehe 24 Juni 1950 Papa Pio XII alimtangaza Maria kuwa mtakatifu huko Roma. Assunta, bibi mzee wa miaka zaidi ya 80, alikuwapo. Alikufa mwaka 1954.

Shauri

Kila siku Mkristu humwomba Baba wa mbinguni amsamehe kama yeye anavyosamehe. Maneno hayo ni mepesi mdomoni, lakini ni mazito moyoni. Wewe unayejitayarisha kwa Ubatizo, tazama: yuko jirani usiyemsalimu kwa ajili ya mbuzi, mpaka wa shamba au neno baya? Mama huyu alisamehe damu ya mtoto wake.

Maswali

1. Luigi alipokufa, Assunta alifanya nini? Na Maria?
2. Assunta aliwafundishaje watoto sala bila kusoma?
3. Kusamehe ni kusema kwamba kosa si kosa? Eleza.
4. Ni nani unayepaswa kumsamehe kabla ya Ubatizo wako?