Frateri, Jina Lako Halipo



Wiki hii nilikusudia kuwaandikia juu ya Majilio, maana mwaka 2024 tuliyaanza Jumapili ya tarehe 1 Desemba. Lakini kuna jambo limenikaa kooni tangu siku ya uchaguzi wa serikali za mitaa, na nisipolitoa nitaandika Majilio ya kinafiki. Kwa hiyo nivumilieni, somo la leo linaanzia ofisini.

Wengi wenu mnajua kwamba baada ya miaka mitatu ya falsafa nimetumwa mwaka wa uchungaji. Wenzangu wengi walipangiwa parokiani, wanazunguka kwenye vigango na kucheza mpira na watoto wa Utoto Mtakatifu. Mimi nikapangiwa ofisi. Niliripoti Jumatatu tarehe 7 Oktoba, sikukuu ya Mama Yetu wa Rozari, nikakabidhiwa masijala. Kwa asiyejua, masijala ni pale ambapo kila barua inayoingia hupigwa mhuri wa tarehe, huandikwa kwenye daftari, hupewa namba, kisha huwekwa kwenye jalada lake. Mkuu wangu wa kazi ni mama mmoja wa makamo aliyeishika masijala hiyo tangu mimi sijaanza darasa la kwanza. Siku ya kwanza alinipa rula, kalamu nyekundu na kitambaa cha kufutia vumbi, akasema, "Karibu kazini, Frateri. Anza na rafu ile ya juu."

Kusema kweli nilijisikia vibaya. Yaani mtu umeandika tasnifu juu ya Aristotle, halafu unafuta vumbi kwenye majalada ya mwaka juzi! Mama akinielekeza namna ya kupanga nilikuwa naitikia "sawa mama, sawa mama", huku kichwani nimeshajua kila kitu. Shikeni hilo, tutarudi.

Sasa uchaguzi. Kwa ajili ya wale ambao hawakufuatilia, tuwekane sawa kidogo, maana hapa ndipo nilipoteleza na najua siko peke yangu. Kile kitambulisho cha mpiga kura tulichonacho kinatokana na Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, la Tume, na kinatumika kumchagua Rais, mbunge na diwani. Uchaguzi wa serikali za mitaa ni jambo jingine. Unasimamiwa na TAMISEMI, na una orodha yake ya wapiga kura, inayoandikwa upya kwenye mtaa, kijiji au kitongoji unachoishi. Mwaka 2024 uandikishaji ulikuwa kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba, siku kumi tu. Orodha ikabandikwa hadharani watu waikague, kampeni zikaja tarehe 20 hadi 26 Novemba, na kura yenyewe ikawa Jumatano tarehe 27 Novemba.

Na tangazo la kujiandikisha nililisoma mimi mwenyewe kanisani, Jumapili ya tarehe 13 Oktoba, baada ya Komunyo, kwa sauti nzuri ya kiseminari. Nikaongezea na la kwangu: vijana, msije mkalalamika kesho wakati leo mmelala. Watu wakatikisa vichwa kukubali.

Mimi sikwenda. Kituo kilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka ninapolala. Mama wa masijala alikwenda wakati wa chakula cha mchana, akarudi na kuniambia foleni ni fupi, niende. Nikasema kesho. Kesho yake nikasema kesho. Nilikuwa mgeni kwenye mtaa ule, najihisi napita tu, kazi yenyewe naona imenidhulumu, nikirudi jioni nimechoka na kinyongo. Tarehe 20 ilikuwa Dominika ya Kimisioni, nikashinda na mambo ya mchango. Siku kumi zikaisha. Halafu nikajituliza: si ninacho kitambulisho? Nilikipata nyumbani mwaka 2020, kipo kwenye pochi. Orodha ilipobandikwa sikwenda hata kuitazama.

Jumatano ile nilisali Misa ya asubuhi. Injili ya siku, kama mnavyojua kalenda yetu, ilikuwa Luka 21:12-19, pale Bwana anapowaambia wafuasi wake kwamba watakamatwa na kupelekwa mbele ya wakubwa, na kwamba kwa uvumilivu wataziponya nafsi zao. Nikatoka kanisani nimejaa uvumilivu. Nikapanga foleni kwenye darasa la shule ya msingi, jua likapanda, nikafika mbele. Karani, kijana wa rika langu, akapitisha rula kwenye orodha, akarudia, akageuza karatasi, akarudia tena.

"Frateri, jina lako halipo."

Nikamtolea kitambulisho. Akanieleza kwa upole kwamba hicho si cha uchaguzi huu. Basi bwana, hapo ndipo uvumilivu wa Luka 21 ulipokwisha. Nilimwambia, na watu wanasikia: "Ninyi watu hamjui kazi yenu. Kazi ya kuandika majina tu inawashinda?" Nikatoka. Bibi mmoja wa jumuiya yetu ndogo ndogo alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Hakusema neno, alitazama chini tu. Afadhali angenisema.

Njiani bado nilikuwa na hotuba nzima kichwani, juu ya nchi, mifumo na uzembe. Nilipofika kwenye geti la nyumba tunakokaa ndipo nikakumbuka nani alisoma tangazo.

Ngoja hapa nitumie ile falsafa niliyosomea, angalau ilipe nauli yake. Katika kitabu cha nne cha Maadili ya Nikomako, Aristotle hasemi kwamba mtu mwema hakasiriki. Anasema anayestahili sifa ni yule anayekasirika kwa sababu inayofaa, juu ya mtu anayefaa, kwa namna na kwa muda unaofaa. Mtakatifu Thomasi wa Akwino, kwenye Summa sehemu ya pili ya pili, swali la 158, anaongeza kitu kizuri: hasira ikitangulia akili inaivuruga hukumu yake, lakini ikiifuata akili, yaani akili imekwisha kuona jambo lilivyo na hasira ikaja kama msaidizi, yaweza kuwa njema. Ya kwangu ilikimbia mbele. Ilitaka mtu wa kulipa, na aliyekuwa karibu ni kijana mwenye rula.

Nisieleweke vibaya. Wapo waliokasirika siku zile kwa mambo mengine kabisa. Vyama vya upinzani vililalamika kwamba wagombea wao wengi wameenguliwa, na mwananchi anayehoji jambo kama hilo anahoji haki. Hasira ya namna hiyo siiweki fungu moja na yangu. Ila naona hatari moja: mtu kama mimi anaweza kuazima hasira ya wengine, iliyo kubwa na yenye heshima, ili afunike uvivu wake mdogo. Nilifanya hivyo njia nzima.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 2240 inasema kulipa kodi, kutumia haki ya kupiga kura na kuilinda nchi ni wajibu wa kimaadili, kwa sababu sote tunashiriki kubeba manufaa ya wote. Angalieni kura imewekwa jirani na nini. Imewekwa jirani na kodi! Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao, katika Gaudium et Spes namba 75, unawakumbusha raia kwamba kutumia kura yao huru ni haki na pia ni wajibu. Sisi vijana tunapenda kuifikiria kura kama tukio la bendera na nyimbo. Katekisimu inaichukulia kama kulipa unachodaiwa.

Na uchaguzi wa mtaa ndio ulio karibu zaidi na ngozi. Mwenyekiti wa mtaa si mtu wa televisheni, lakini ukitaka kitambulisho cha NIDA, serikali ya mtaa inakutambulisha. Ukijaza fomu za mkopo wa chuo zinapitia kwake. Ukinunua kiwanja, ukigombana na jirani juu ya mfereji wa maji machafu, ukitaka ulinzi wa usiku, ni huko huko. Mtu asiyekujua ndiye atakayeandika kwamba anakujua. Mimi nilikuwa nimekaa mtaani pale wiki kadhaa na nilikuwa simfahamu hata mmoja wa wagombea kwa sura.

Sasa turudi masijala. Ijumaa, siku mbili baada ya uchaguzi, walikuja wachumba wawili. Binti ni Mkatoliki, kijana ni Mlutheri. Kama mlivyofundishwa, ndoa ya namna hiyo inahitaji ruhusa ya askofu, na barua ya paroko wao ililetwa kwetu mwezi wa kumi. Walikuwa wamepanda basi tangu alfajiri. Nikafungua daftari: barua imeingia, namba ipo, mwandiko ni wangu. Nikaenda kwenye rafu, jalada hakuna. Nikatafuta nusu saa, jasho linanitoka. Nikarudi kwenye kaunta nikawaambia, na nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe nilitamani sakafu ifunguke:

"Samahani, majina yenu hayapo."

Kijana yule akanitazama. Hakupiga kelele. Akasema, "Kaka, kazi ya kuweka karatasi tu?"

Sikuwa na la kujibu. Mama wa masijala alikuwa ametumwa benki. Aliporudi nikamweleza, akaniuliza swali moja: "Uliliweka kwa jina lipi?" Kumbe wiki yangu ya kwanza, ile ya "sawa mama, sawa mama", nilikuwa nikipanga majalada kwa jina la kwanza badala ya jina la ukoo. Alilipata kwa dakika mbili. Lilikuwa limekaa kati ya majina ya watu wengine, salama kabisa, mahali ambapo hakuna mtu angelitafuta. Wachumba walikuwa bado wamekaa kwenye benchi nje. Nikawaomba radhi, nikawaletea chai. Mchana ule mimi na mama tukaanza kupitia kila jalada nililogusa tangu tarehe 7. Yalikuwa mengi, yametuchukua mpaka juzi.

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, anafundisha kwamba thamani ya kazi haipimwi kwanza na aina ya kazi, bali na huyo anayeifanya, kwa kuwa ni nafsi ya mtu. Niliwahi kujibu swali hilo kwenye mtihani nikapata alama nzuri. Nilichokuwa sijakiona ni upande wa pili: anayesubiri kwenye benchi naye ni nafsi, na kwangu anafika kama jina tu kwenye karatasi. Nikiliweka vibaya jina, nimemweka vibaya mtu. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, inadai kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu, na paroko ahakikishe vinaandikwa sawasawa. Zamani niliona ni urasimu. Muulizeni mtu anayetaka kufunga ndoa na jina lake halionekani kwenye kitabu cha ubatizo, atawaambia.

Na kwa kuwa ni Majilio, someni tena Luka 2:1-5. Tumezoea kukimbilia horini, tunaruka mwanzo wake. Mwanzo wake ni uandikishaji! Amri imetoka kwa mtawala wa mbali, mpagani, na Yosefu anatoka Nazareti kwenda Bethlehemu kuandikwa, pamoja na Maria mjamzito. Hakupewa kituo cha dakika kumi. Luka hatuambii kama alinung'unika njiani. Anatuambia alikwenda.

Mkikutana VIWAWA Jumapili hii, pangeni muda mzungumze juu ya hili, na msianze na siasa za kitaifa, maana mtamaliza saa mbili mnamsema mtu asiyewasikia. Kila mmoja aanze kwa kutaja jina la mwenyekiti wake wa mtaa au kitongoji. Halafu wale walioanza kazi karibuni, dukani, ofisini, kwenye bodaboda, waseme ni sehemu gani ya kazi wanaiona ni ndogo mno kwao, na ni nani anasubiri upande wa pili wa sehemu hiyo. Mwaka 2025 ulikuwa wa uchaguzi mkuu, na kabla yake Daftari la Kudumu liliboreshwa mkoa baada ya mkoa. Mimi nilikuwa nimeandika kwenye ukuta wa chumba changu kwamba ningehamisha taarifa zangu likifika kwetu.

Jumamosi nilikwenda kumtafuta yule karani. Nilijua anaishi karibu na shule. Nilimkuta anafua, nikamwomba radhi pale pale mbele ya beseni. Alicheka sana, akasema siku ile alitukanwa na watu wengi, mimi ni wa kwanza kurudi. Kisha akaniuliza, kwa kuwa nafanya kazi ofisi ya kanisa, kama naweza kumsaidia: alibatizwa utotoni parokia ya mbali, cheti kimepotea, na anataka kuanza mafundisho ya Kipaimara. Nikatoa kalamu, nikamwomba majina yote matatu. Jumatatu asubuhi nimemwandikia paroko wa kule barua, na nakala nimeiweka kwenye jalada, kwa jina la ukoo.