Kompyuta na Amri Zake

Wengi hutumia kompyuta, wachache hujua ifanyavyo kazi. Basi tujifunze kidogo.

Kompyuta haijui ila alama mbili: 0, kama taa iliyozimwa, na 1, kama taa iliyowashwa. Kwa hizo huandika hesabu zote: 2 ni 10, 3 ni 11, 4 ni 100, 5 ni 101. Alama nane zikipangwa pamoja zaleta namna 256, nazo zatosha herufi zote za Kiswahili, kubwa na ndogo.

Lakini alama hazina akili. Lazima mtu aandike amri, moja baada ya moja. Nazo huitwa programu. Mwaka 1843 bibi Mwingereza, Ada Lovelace, alieleza amri za namna hii kwa mashine ya Charles Babbage, ambayo haikumalizika kujengwa. Naye alionya kwamba mashine haibuni neno kwa nafsi yake.

Basi tuangalie. Karani akiandika vibaya kima cha kodi, wote watatozwa kwa kosa lile lile, tena upesi. Hata kompyuta za leo zifundishwazo kwa mifano, mifano ikipotoka, majibu nayo hupotoka. Kwa hiyo jibu la kompyuta lipimwe, na mwenye kuiamuru aulizwe.

Swali: 6 na 7 huandikwaje kwa alama mbili?