SOMO LETU: KOROSHO NI YETU, KAZI NI YA NANI?



Leo tunasoma habari ya korosho. Najua wa Newala na Tandahimba watacheka: "Korosho tunaijua tangu utotoni, mtatufundisha nini?" Shambani mnaijua, hatubishi. Lakini ikishatoka ghala la chama cha msingi inakwenda wapi? Na nani analipwa kuibangua? Hapo ndipo penye somo.

1. Kazi iliyomo ndani ya korosho

Korosho ikiokotwa hailiki hivi hivi. Ganda lake lina mafuta makali yanayochubua ngozi. Kwanza hupikwa kwa mvuke au hukaangwa, ili ganda liwe rahisi kupasuka. Kisha hupasuliwa. Kiini hukaushwa, na kile kiganda chembamba chekundu humenywa. Halafu viini huchambuliwa: vizima huku, vipande kule. Mwisho hufungwa vizuri visipate unyevu.

Kila hatua inataka mikono. Ndiyo maana kiwanda cha korosho huajiri watu wengi, na wengi wao ni wanawake.

Sasa tufanye hesabu. Kilo 4 hadi 5 za korosho ghafi hutoa kilo 1 tu ya korosho iliyobanguliwa. Karibu zote zinazobaki ni maganda. Basi tukipeleka korosho ghafi ng'ambo, tunayapandisha maganda melini. Mnunuzi anajua nauli hiyo, na anaipigia hesabu kabla ya kutaja bei yake kwa mkulima. Tena maganda yenyewe si takataka. Mafuta yake hutumika kutengeneza rangi na breki za magari.

2. Viwanda vyetu vilikuwaje

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho kama tani 145,000. Nyingi zilikwenda India kubanguliwa. Serikali ikaona afadhali kazi hiyo ifanyike hapa nyumbani. Ikakopa fedha, zikiwemo za Benki ya Dunia. Katika miaka ya 1980 tulikuwa na viwanda vikubwa 12, Mtwara, Newala, Masasi, Lindi, Nachingwea, Kibaha na kwingineko.

Lakini wakati viwanda vinajengwa, mavuno yalikuwa yanaanguka. Bei ya mkulima ilikuwa ndogo. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vipya, mikorosho yao ikabaki mbali na porini. Tena ukaja ugonjwa wa ubwiriunga, ukakausha maua. Msimu wa 1986/87 mavuno ya nchi nzima hayakufika tani 20,000. Viwanda vikakosa korosho. Mashine isiyofanya kazi inakula fedha bila kuleta fedha. Vingi vikafungwa, na baadaye vikauzwa. Baadhi vikageuzwa maghala.

Wakulima wakaanza kupulizia salfa, na mavuno yakarudi. Msimu wa 2017/18 yalipita tani 300,000. Korosho zikarudi, kazi haikurudi. Sehemu kubwa iliendelea kupakiwa ghafi kwenda India na Vietnam.

3. Jirani zetu ng'ambo ya Ruvuma

Msumbiji nao wana habari ya kutufundisha. Walikuwa na viwanda vya kubangua korosho, na walitoza ushuru mkubwa korosho ghafi iliyokwenda nje. Katika miaka ya 1990 Benki ya Dunia iliitaka Msumbiji ipunguze ushuru huo. Hoja yake ilikuwa hii: wanunuzi wa nje wakiwa wengi, mkulima atapata bei nzuri.

Ushuru ukapunguzwa. Korosho ghafi zikaenda India, viwanda vikafungwa, na watu kama 10,000 wakakosa kazi. Na mkulima je? Wataalamu wa uchumi waliopima jambo hilo baadaye waliona kwamba faida yake ilikuwa kama dola 5 tu kwa mwaka kwa kila nyumba ya mkulima wa korosho.

Hapa tusimame kidogo tufikiri. Mshahara ukikatika haukatiki kwa mtu mmoja. Mama wa kiwandani akikosa hela, muuza samaki anakosa mteja. Fundi cherehani hapati sare za kushona, na mwenye duka anabaki na madeni kwenye daftari. Kijana anaona hakuna kitu, anapanda basi kwenda mjini. Kiwanda kimefungwa mahali pamoja, lakini njaa inatembea nyumba hadi nyumba.

Baadaye Msumbiji ilipandisha tena ushuru, ukawa kati ya asilimia 18 na 22. Katika miaka ya 2000 vikafunguliwa viwanda vidogo, hasa upande wa Nampula. Vilitumia vifaa rahisi vya mkono badala ya mashine kubwa, na maelfu ya watu wakapata kazi tena.

4. Na wale waliopata kazi?

Huko India, mji wa Kollam katika jimbo la Kerala ulijulikana kwa kubangua korosho, nyingi zikiwa za Afrika. Waliofanya kazi hiyo wengi ni wanawake, na mafuta ya maganda yaliwachubua mikono kama yanavyotuchubua sisi. Lakini nao hawakukaa salama. Vietnam ilileta mashine za kubangua kwa bei nafuu, na kuanzia kama mwaka 2015 viwanda vingi vya Kollam vilifungwa. Basi mama wa Kollam si adui yetu. Kazi iliyotutoka sisi, naye imemtoka.

5. Tufanye nini?

Korosho zetu huvunwa kuanzia Oktoba hadi Januari. Mwenye kiwanda lazima anunue katika miezi hiyo michache korosho za kubangua mwaka mzima. Hilo linataka mtaji mkubwa. Asipokuwa nao, mnunuzi wa nje anamshinda mnadani, na kiwanda kinasimama. Kwa hiyo kikundi kinachotaka kuanza kubangua kisikimbilie mashine. Kizingatie haya:

(a) Kijiulize kwanza: korosho za mwaka mzima zitatoka wapi, na tutazinunua kwa fedha ipi?
(b) Wanachama wakaushe na kuchambua vizuri. Korosho mbichi huoza ghalani.
(c) Wabanguaji wavae glavu. Zikikosekana, wapake mikono mafuta ya kula na majivu.
(d) Kila kilo inayoingia na kutoka iandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena tuseme kweli: mkulima naye ana haki yake. Si vizuri alazimishwe kuuza kwa bei ya chini eti kiwanda kipate kuishi. Na si vizuri binti yake akose kazi wakati korosho za baba zinabanguliwa mbali. Haki hizi mbili zinagongana, na kuzipatanisha ni kazi ya mkutano. Tanzania nayo hutoza ushuru korosho ghafi zinazokwenda nje. Mnayo haki ya kuuliza ushuru huo unasaidia nini kijijini kwenu. Ninyi mnasoma na kuandika sasa. Swali liandikeni, mlisome mkutanoni mbele ya wote.

MANENO YA KUKUMBUKA
Ghafi: kitu ambacho hakijatengenezwa.
Kubangua: kutoa ganda la korosho.
Ushuru: fedha inayotozwa na serikali kwenye bidhaa.
Mtaji: fedha au mali ya kuanzia kazi.

MASWALI YA KUJADILI
1. Kijiji kikitoa kilo 1,000 za korosho ghafi, kitapata kama kilo ngapi zilizobanguliwa?
2. Kwa nini viwanda vyetu 12 vilikosa korosho?
3. Ungekuwa mkulima wa Msumbiji, ungekubali ushuru upunguzwe? Toa sababu.
4. Ni mazao gani mengine ya kijiji chenu yanaondoka ghafi? Nani anapata kazi kwayo?